Waliturudishia hadithi ya bibi, majina yao tukayasahau

Tunduru. Muulize mtoto wa shule hapa Tunduru amtaje msanii mmoja maarufu aliyezaliwa wilayani kwao. Jibu halitachelewa: Tingatinga.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Nakapanya. Akiwa kijana alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko alichora wanyama na ndege kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akauza kando ya barabara. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake limebaki. Leo mchoro wa namna ile, awe ameuchora nani, unaitwa tingatinga.

Sasa muulize mtoto huyohuyo swali la pili. Amtaje mwanamke mmoja Mtanzania aliyeandika kitabu au mchezo wa kuigiza. Hapo kimya huwa kirefu, na mara nyingi mzazi aliyekaa pembeni naye hukuna kichwa.

Mwaka huohuo wa 1972, mwanamke wa miaka 24 aitwaye Penina Muhando, mzaliwa wa Berega mkoani Morogoro, alichapisha tamthilia yake, Hatia. Inahusu mimba ya msichana na swali ambalo familia nyingi hulikwepa: nani hasa abebe lawama?

Zaidi ya miaka 50 imepita. Swali lile bado lipo, na katika mkoa wa Ruvuma lipo sana. Aliyeliuliza ndiye tusiyemkumbuka.

Penina hakuwa peke yake. Kulikuwa na Amandina Lihamba, Ndyanao Balisidya na wengine. Wote walifanya jambo ambalo bibi yeyote wa Tunduru angelitambua mara moja. Walichukua hadithi ya jioni, wimbo, ngoma na mafunzo ya kina mama, wakavipandisha jukwaani ili viseme yale yasiyosemwa mezani wakati wa kula.

Waliokataa jukwaa la kuazima

Ili kuelewa ukubwa wa walichofanya, ni vizuri kujua jukwaa lilikuwaje kabla yao.

Wakati wa ukoloni, mchezo wa kuigiza uliohesabiwa kuwa sanaa ni ule wa Kiingereza. Shuleni wanafunzi walikariri maneno ya Shakespeare. Ngoma, masimulizi, majigambo na nyimbo za unyago viliitwa mila tu, mambo ya kijijini. Vichekesho vya Kiswahili vilikuwepo na watu walivipenda, lakini havikupewa heshima.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kubadilika polepole. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na ya pili, Mabepari wa Venisi, ilitoka mwaka 1969. Kiswahili kilikuwa kimepanda jukwaani, ingawa bado kilivaa nguo ya mgeni.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwasha moto mwingine. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuuliza: kwa nini tuigize maisha ya Venisi wakati Songea ina hadithi zake? Mwaka 1969, Ebrahim Hussein wa Kilwa alichapisha Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Majimaji, vita ambavyo kila familia ya Ruvuma inavijua kwa makovu yake. Miaka michache baadaye Euphrase Kezilahabi aliwakasirisha washairi wakongwe kwa mashairi yasiyofuata vina na mizani. Diwani yake, Kichomi, ilitoka mwaka 1974.

Hussein na Kezilahabi wanatajwa karibu katika kila kitabu cha historia ya fasihi ya Kiswahili, na wanastahili. Lakini katika miaka ileile na chuo kilekile, wapo wanawake waliokwenda kinyume na mazoea kwa njia yao, na pengine kwa gharama kubwa zaidi. Mwanamume aliyevunja kanuni za uandishi aligombana na wakosoaji. Mwanamke aliyeandika juu ya mimba, talaka na heshima ya mwanamke alijua kwamba maneno yake yatasikika hadi nyumbani kwao.

Penina na nguzo isiyosimama

Baada ya Hatia, Penina Muhando hakupumzika. Mwaka 1973 alitoa Tambueni Haki Zetu, mwaka 1974 Heshima Yangu, mwaka 1975 Pambo na mwaka 1976 Talaka si Mke Wangu. Ukiyasoma majina hayo peke yake kwa mfuatano, unasikia mtu anayedai jambo.

Tamthilia yake inayotajwa zaidi ni Nguzo Mama ya mwaka 1982. Wanawake wa kijiji kiitwacho Patata wanataka kuisimamisha nguzo yao. Wanavuta, wanagombana, wengine wanaondoka, mizigo ya nyumbani inawavuta nyuma. Nguzo haisimami. Anayeongoza mchezo ni Bi Msimulizi, anayezungumza na watazamaji kama bibi anavyozungumza na wajukuu.

Katika hadithi ya jioni, msikilizaji huitikia, huimba kibwagizo, huuliza na hucheka. Penina alitaka mtazamaji wa mchezo wa kuigiza awe hivyo pia. Asikae gizani kimya kama mgeni, awe sehemu ya hadithi, na hadithi ikiisha aendelee kubishana.

Mwaka 1984 alitoa Lina Ubani, iliyoandikwa wakati nchi ikihangaika na ugumu wa maisha baada ya Vita vya Kagera. Jina hilo linageuza methali. Wazee husema la kuvunda halina ubani, yaani kilichokwisha kuoza hakina dawa. Yeye akajibu kwamba lina ubani. Ni kichwa cha maneno mawili tu, lakini kinabishana na wahenga.

Wakati akiandika, alikuwa akisoma pia. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu wa mwaka 1983 ulihusu sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Alionyesha kwamba yale yaliyoitwa mambo ya kijijini yalikuwa shule yenye walimu, mitaala na mitihani yake. Na katika sehemu kubwa ya shule hiyo, walimu ni wanawake.

Ndyanao na Amandina

Ndyanao Balisidya alichapisha riwaya ya Shida mwaka 1975. Ni miongoni mwa riwaya za mwanzo za Kiswahili zilizoandikwa na mwanamke wa Tanzania. Inahusu vijana wanaoiacha nyumba ya wazazi na kukimbilia mjini wakidhani maisha yako huko. Mzazi wa Tunduru ambaye mtoto wake amepanda basi kwenda Dar es Salaam bila kuaga, au ameacha shule kufuata madini ya vito, hahitaji kuelezwa kitabu kile kinazungumzia nini.

Zaidi ya riwaya, Ndyanao alikuwa mtafiti wa fasihi simulizi. Aliandika makala za kitaalamu kuonyesha kwamba ngano, methali na nyimbo ni fasihi kamili, hata kama aliyezitunga hakushika kalamu.

Amandina Lihamba ni mwandishi, mwongozaji na mwigizaji. Hawala ya Fedha, tamthilia yake ya mwaka 1980, imetokana na kisa cha Sembène Ousmane wa Senegal, naye akakipa Kiswahili na mazingira ya kwetu. Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti kuhusu siasa na michezo ya kuigiza Tanzania baada ya Azimio la Arusha.

Wengi wamemwona bila kujua ni nani. Katika filamu ya Maangamizi, iliyotoka mwaka 2001 na kuiwakilisha Tanzania kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, yeye ndiye Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye kwa miaka mingi hazungumzi. Aliyoyaona utotoni yalimfunga mdomo.

Watatu hao, Amandina, Penina na Ndyanao, waliandika pamoja Harakati za Ukombozi, iliyochapishwa mwaka 1982. Ni wanawake watatu katika kitabu kimoja kuhusu safari ya nchi nzima.

Wapo wengine wa kizazi hicho. Martha Mvungi alitoa Hana Hatia mwaka 1975. Zainab Mwanga alitoa Kiu ya Haki mwaka 1983 na Hiba ya Wivu mwaka uliofuata. Elieshi Lema na Demere Kitunga walianzisha kampuni ya uchapishaji, E & D, ili wanawake na watoto wapate mlango wa kupitia.

Majina yalipotelea wapi?

Sababu ya kwanza ni ndogo, lakini kila familia inaijua: ndoa na majina. Penina Muhando aliandika tamthilia kwa jina hilo, kisha kazi zake za kitaaluma zikatoka kwa jina la Penina Mlama. Ndyanao Balisidya anaonekana pia kama May Balisidya Matteru. Mwanafunzi anayetafuta maktabani au kwenye intaneti anaweza kudhani ni watu wawili tofauti, na kila mmoja akamwona ameandika nusu tu ya kazi. Mwanamume huzaliwa, huandika na huzikwa kwa jina moja.

Sababu ya pili ni kwamba walipenda kufanya kazi kwa kikundi. Dar es Salaam kulikuwa na kikundi cha maigizo kilichojiita Paukwa, kutokana na mwito ule wa hadithi tunaoitikia Pakawa. Tamthilia ya Ayubu ya mwaka 1984 imebeba jina la kikundi. Ni uungwana, lakini historia hukumbuka jina la mtu mmoja kwa urahisi zaidi kuliko jina la kikundi.

Hata Kenya ilikuwa hivyo. Mwaka 1976 ilitoka tamthilia ya Kimathi, ambayo kwa Kiswahili tunaijua kama Mzalendo Kimathi. Wengi humtaja Ngũgĩ wa Thiong'o peke yake. Mwandishi mwenza ni Mĩcere Gĩthae Mũgo, mwanamke aliyelazimika kuishi uhamishoni miaka mingi na kufariki mwaka 2023. Jina lake liko kwenye jalada lilelile.

Sababu ya tatu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yao haikuwa kitabu. Ilikuwa onyesho chini ya mwembe, warsha ya wanakijiji, mafunzo ya wasichana shuleni. Onyesho likiisha, watu hukung'uta vumbi na kwenda nyumbani. Hakuna kinachobaki kabatini.

Sababu ya nne ni sisi. Jina hubaki pale mtu anapoliandika na mwingine anapolitaja. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyerekodi sahani za santuri Bombay mwaka 1928, alifariki mwaka 1950. Tunamjua vizuri kwa sehemu kubwa kwa sababu Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Kisha Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kikaliita jarida lake Sauti ya Siti. Mwana Kupona wa Pate tunamkumbuka kwa sababu utenzi aliomwandikia binti yake katikati ya karne ya 19 ulinakiliwa na kukaririwa na akina mama wengine, kizazi hadi kizazi.

Kutoka kitabuni hadi kijijini

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina na Amandina walichoka kusubiri watu waje ukumbini. Pamoja na mwenzao Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, mkoani Mwanza, kufanya kazi na wanakijiji. Baadaye kazi ya namna hiyo ilifanyika Msoga na sehemu nyingine. Mwaka 1991 Penina aliandika kitabu kizima kuhusu uzoefu huo.

Njia yao ilikuwa na hatua zinazoeleweka. Kwanza wanakaa na watu na kuwasikiliza, bila kuja na jibu mfukoni. Pili, wanakijiji wenyewe wanataja tatizo linalowasumbua na kulichambua chanzo chake. Tatu, wanatengeneza onyesho kwa ngoma na nyimbo za hapohapo, si za mjini. Nne, linachezwa mbele ya kijiji. Tano, baada ya onyesho kila mtu anazungumza, na makubaliano yanafuatiliwa.

Hatua ya tano ndiyo ngumu kuliko zote. Kijana anaweza kusema mbele ya wazee jambo ambalo asingelisema kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu amelisema akiwa ndani ya mchezo. Mzee naye anaweza kujibu bila kuvunjiwa heshima, kwa sababu anamjibu mhusika wa hadithi.

Mwaka 1996 mawazo hayo yaliingia sekondari kwa jina la Tuseme, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chini ya Penina na Amandina. Wasichana wanakaa pamoja, wanataja yanayowazuia kusoma na kuishi kwa heshima, wanayaigiza mbele ya walimu na wenzao, kisha wanadai hatua zichukuliwe. FAWE, jukwaa la Afrika la wanawake walio katika elimu ambalo Penina aliwahi kuliongoza kama mkurugenzi mtendaji, lililisambaza wazo hilo hadi nchi nyingine za Afrika.

Jina la mradi ni neno moja la Kiswahili ambalo kila msichana analielewa. Tuseme. Tukizungumza, tutasikika.

Kwa nini jambo hili liwe la mzazi wa Tunduru

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Ni nafuu ukilinganisha na asilimia 27 ya utafiti wa mwaka 2015 na 2016. Lakini Ruvuma ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye viwango vya juu.

Kwa afya, mimba ya umri mdogo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mama wa miaka 10 hadi 19 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko mwanamke wa miaka 20 hadi 24. Mtoto wake naye ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito pungufu.

Hapa kwetu wapo makungwi na masomo. Wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto akishachezwa unyago, mazungumzo ya mwili wake yamekwisha. Wapo pia wanaoona unyago wote haufai na kuuacha kabisa bila kuweka kitu kingine mahali pake. Katika nyumba zote mbili msichana anaweza kujikuta hana wa kumuuliza.

Wanawake hawa waandishi hawakudharau mafunzo ya jadi. Waliyaheshimu kiasi cha kuyasomea hadi shahada ya juu. Lakini hawakuyaacha yalivyo pia. Walichukua njia ya bibi, yaani wimbo, hadithi na kibwagizo, kisha wakabadilisha anayeruhusiwa kuuliza. Katika Tuseme, anayeuliza ni msichana mwenyewe, na mkubwa ndiye anayetakiwa kujibu.

Fikiria Samehe wa Maangamizi, aliyeona jambo zito akiwa mtoto na hakuna aliyemuuliza. Kimya cha mtoto huweza kukaa miaka mingi, na wakati mwingine huonekana baadaye kama ugonjwa: kukosa usingizi, hasira zisizoeleweka, kichwa kisichopona kwa dawa, kushuka ghafla darasani.

Mzazi aanzie wapi?

Hakuna haja ya jukwaa wala mavazi. Vifaa vyote viko nyumbani.

Rudisha hadithi ya jioni, hata mara moja kwa wiki. Umeme ukikatika ndiyo nafasi nzuri zaidi. Kama bibi au babu yupo, mwachie yeye aongoze. Kiyao, Kimakua, Kingoni au Kiswahili, lugha yoyote inafaa. Zima televisheni, weka simu kando, watoto waitikie.

Hadithi ikiisha, usikimbilie kutoa funzo. Uliza: wewe ungefanyaje? Nani alikosea? Kwa nini yule binti hakusema? Kisha nyamaza umsikilize. Mtoto akieleza shida ya mhusika kwa kirefu kuliko hadithi yenyewe ilivyokuwa, huenda anaeleza jambo analolijua kwa karibu.

Waweke wavulana ndani ya mduara. Swali la nani abebe lawama ya mimba haliwezi kujibiwa na wasichana peke yao. Mvulana aliyewahi kuigiza nafasi ya dada anayefukuzwa nyumbani ataelewa zaidi kuliko aliyehubiriwa.

Ulizia shuleni kama kuna klabu ya Tuseme au klabu nyingine ya wanafunzi ya maigizo. Kama haipo, kikao cha wazazi ni mahali pazuri pa kuiomba. Haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji mwalimu mmoja aliye tayari kusikiliza na uongozi usiowaadhibu wanafunzi kwa walichoigiza.

Na kama binti yako tayari ameshapata mimba na kuacha shule, mlango haujafungwa. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi katika shule za kawaida. Zungumza na mkuu wa shule au ofisi ya elimu ya kata.

Mtoto akisema jambo zito

Ukifungua mdomo wa mtoto, jiandae kwa kitakachotoka.

Akikuambia ameguswa vibaya, ametishiwa au amelazimishwa, usimpigie kelele na usimuulize alifuata nini huko. Mwambie kwamba unamwamini na kwamba kosa si lake. Usiyamalize kifamilia kwa mbuzi au fedha.

Kama amebakwa, mpeleke kituo cha afya haraka, ndani ya saa 72. Katika muda huo bado inawezekana kumpa dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi na, kwa aliyevunja ungo, dawa ya kuzuia mimba. Usimwogeshe wala kufua nguo alizovaa kabla hajaonwa na mtaalamu. Kila wilaya ina maofisa ustawi wa jamii, na Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Namba ya simu ya kumsaidia mtoto ni 116, na kupiga ni bure. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Andika jina

Kuna kazi moja zaidi, ndogo, ambayo mzazi anaweza kuifanya wiki hii kwa simu aliyoshika sasa hivi.

Mwombe bibi wa watoto wako asimulie hadithi moja, umrekodi. Mwanzoni mwa rekodi ataje jina lake kamili, kijiji alikozaliwa na nani aliyemsimulia yeye. Hifadhi, na umtumie ndugu mmoja ili isipotee simu ikiharibika.

Amandina Lihamba na wenzake walifanya jambo kama hilo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2007 kilitoka kitabu walichokihariri, chenye maandishi na masimulizi ya wanawake wa Afrika Mashariki na sehemu ya kusini yake, kuanzia watunzi wa zamani hadi wa sasa. Walikusanya barua, nyimbo, hotuba na hadithi, na kila walipoweza wakaweka jina la mwenye maneno.

Tunduru ilimtoa mchoraji mmoja ambaye jina lake limezunguka dunia. Alikuwa na mama, na wilaya hii ina maelfu ya akina mama na bibi ambao wamechora kwa maneno kila jioni tangu kabla ya barabara ya lami kufika. Hadithi zao bado zipo vichwani mwao. Majina yao watoto wanaweza kuanza kuyaandika leo, nyuma ya daftari la shule, wakianza na la bibi yao na kuendelea na la Penina, Amandina na Ndyanao.

Kisha usiku, taa zikizimwa, mmoja wao aseme Paukwa. Wewe mzazi, itikia.